Ukingo Mwembamba Hauna Pa Kufichia Kosa

Ukitaja pama, wengi wetu tunaona kofia pana: ya mchunga ng'ombe, ya mzee anayekagua kahawa yake, au ile ya Rais Museveni inayotambulika kabla hata uso haujaonekana. Makala haya ni ya ndugu yake mdogo, kofia ya felti (kitambaa kizito cha manyoya au sufu iliyogandamizwa) au ya majani ambayo ukingo wake haufiki sentimita 5. Wamarekani wa miaka ya 1950 na 1960 waliuita ukingo bahili, kana kwamba kiwanda kilibania felti. Na kweli ni bahili. Pama pana hata ikikaa vibaya, kivuli chake kinamsitiri mvaaji. Hii ya ukingo mwembamba inakuanika: saizi ikipungua kidogo, au ukingo ukipinda milimita chache, mtu wa ng'ambo ya barabara anaona.

Miaka ya 1940 kofia ya kawaida ya mwanamume wa Marekani ilikuwa na ukingo wa sentimita 6 hadi 7 na kuba ndefu. Kuba ndiyo ile sehemu inayofunika kichwa. Muongo uliofuata kola za koti zikaanza kupungua, tai zikapungua, na kofia zikafuata. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukingo wa sentimita 4 ulikuwa jambo la kawaida, nyingine zikishuka hadi 3, na kuba ikawa fupi iliyochongoka kuelekea juu. Halafu wanaume wakaacha kuvaa kofia. Lawama hutupiwa Rais John F. Kennedy, ati aliapishwa kichwa wazi, lakini siku ile ya Januari 20, 1961 alikuwa na kofia ndefu ya hariri. Aliivua tu alipoapa na kuhutubia. Mauzo yalikuwa yameanza kushuka kabla yake. Kwa mkusanyaji, anguko hilo ni neema: nyingi za kofia hizi zilivaliwa miaka michache tu, kisha zikalala kabatini.

Aina zinazochanganywa sana ni nne. Fedora ya ukingo bahili ina bonde katikati ya kuba na mabonyeo mawili mbele, na ukingo wa mbele unaweza kushushwa. Trilbi ni ya Kiingereza zaidi. Ukingo wake wa nyuma umekunjwa juu kwa ukali na kuba imeinamia mbele. Ya Tirol, inayovaliwa Austria na kusini mwa Ujerumani, huwa na kamba iliyosokotwa badala ya utepe, na unyoya au kishungi cha manyoya pembeni. Ya nne ni poki-pai, yenye juu bapa iliyozungukwa na mfereji, kama sahani iliyodidimia. Mpiga saksafoni Lester Young aliifanya kuwa alama ya jazi, vijana wa Kingston, Jamaika, wakaichukua miaka ya 1960, na mwaka 1979 lebo ya muziki ya 2 Tone ya Coventry, Uingereza, ikaiweka kwenye nembo yake.

Mchekeshaji Buster Keaton alijitengenezea poki-pai zake mwenyewe kwa kukata fedora za Stetson na kuukaza ukingo kwa maji ya sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Usimwige. Hapa kwetu hiyo ni karamu ya sisimizi. Ukingo uliolegea unakazwa kwa sheleki, ile ya kung'arishia fanicha, iliyozimuliwa sana kwa spiriti. Pakaza upande wa chini tu, kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha acha ikauke usiku kucha kabla hujaamua kama unahitaji mkono wa pili. Ikizidi, felti inang'aa kama plastiki na kuvunjika kwenye mkunjo.

Afrika Mashariki kofia hizi zinaingia kwenye marobota ya mitumba, zikiwa zimebanwa na kulaliwa na makoti. Kule Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, anayewahi robota linapofunguliwa anapata kamera, yaani chaguo la kwanza. Anayechelewa anaokota fagia. Kwa kofia, hata fagia isidharauliwe, kwa sababu muuzaji huishusha daraja kofia iliyobonyea, na kubonyea ndiyo kasoro rahisi kuliko zote kuondoa. Kasoro zenyewe za kuogopa hazionekani kwa nje. Kwa hiyo ukiishika tu, igeuze.

Ndani kuna mkanda wa jasho, ukanda wa ngozi wenye upana wa kama sentimita 4 unaozunguka mdomo wa kuba. Ukunje taratibu kwa kidole gumba. Ngozi nzima inapinda kimya. Iliyokufa inalia kama jani kavu na kuacha unga mwekundu kwenye kidole. Hiyo hakuna mafuta yatakayoifufua, itabidi ibadilishwe. Kisha geuza mkanda nje uone nyuma yake. Hapo ndipo vibandiko vinapojificha: karatasi ndogo ya saizi na, kwa kofia za Marekani, lebo ya chama cha wafanyakazi. Yenye maneno United Hatters, Cap and Millinery Workers haiwezi kuwa ya kabla ya 1934, mwaka ambao vyama viwili viliungana kupata jina hilo.

Anwani iliyochapwa kwenye mkanda, kwenye bitana au kwenye boksi nayo inasema umri. Mji uliofuatwa na tarakimu moja au mbili, mfano New York 19, ni wa kati ya 1943 na 1963. Namba za posta za tarakimu tano zilianza mwaka 1963. Maandishi ya Ujerumani Magharibi yanakupa kipindi cha 1949 hadi 1990, ambacho ni kipana mno kukusaidia peke yake. Ushonaji unaeleza zaidi. Kofia nzuri za zamani zina uzi mgumu au waya mwembamba ndani ya pindo la mkanda, pale mkanda unapokutana na felti, na mishono inapita kwenye pindo hilo. Ukikuta mkanda umegundishwa tu, au ni wa plastiki inayojifanya ngozi, hiyo ni kofia ya bei rahisi au ya baadaye.

Majina ya kutafuta ni Stetson ya Philadelphia, Dobbs, Knox na Cavanagh za New York, Borsalino ya Alessandria kule Italia, Biltmore ya Guelph kule Kanada, na Lock ya London. Cavanagh inatambulika kwa ukingo uliokunjwa na kushikana wenyewe, felti kwa felti, bila mshono hata mmoja. Hakuna mwigo wa cherehani unaodanganya jicho lililowahi kuuona. Lakini jina lisikupofushe. Stetson ilitengeneza madaraja mengi, na alama za X zinazopigwa kwenye mkanda kuonyesha ubora hazikuwahi kuwa kipimo kimoja kwa viwanda vyote. Amini vidole vyako.

Felti ya manyoya, ya sungura au ya biva (mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito), ni nyembamba, laini, na ina kumbukumbu: ibonyeze kwa kidole, uiachie, inarudi. Kofia nzima ya namna hiyo yenye ukingo mwembamba huwa na uzito wa gramu 80 hadi 120, na ukiishika unajiuliza kama kweli umeshika kitu. Felti ya sufu inakaa kama blanketi, nyuzi zake zinaonekana zikiwa zimesimama kinyume na mwanga, na ikinyeshewa mara mbili tatu inasinyaa. Sufu si haramu, ila usiilipie bei ya manyoya.

Sasa ulaghai mkubwa wa soko hili: pama pana iliyokatwa. Mtu anachukua fedora ya miaka ya 1940 iliyoliwa na nondo ukingoni, anapitisha mkasi, anaiuza kama ya ukingo bahili. Futi ya fundi cherehani inamfichua. Pima ukingo sehemu nane. Kiwandani tofauti ya mbele na pembeni hupangwa na pande mbili hulingana, mkasi wa mtaani unayumba milimita 2 au 3. Tazama ukataji wenyewe: uliokatwa karibuni ni mweupe na mkali, wa zamani umelainika na kuingia vumbi. Kisha tazama utepe. Kofia ya 1962 ilikuwa na utepe mwembamba wa sentimita 1 hadi 2.5, kwa sababu kuba yenyewe ni fupi. Ukikuta utepe wa sentimita 4 au 5 juu ya ukingo wa sentimita 4, kuna aliyeingilia kati.

Saizi inawaangusha wengi kuliko ubora. Pima kichwa kwa futi, sentimita 1 juu ya nyusi na juu ya masikio, ukipita pale penye uvimbe wa kisogo. Sentimita 57 ni 7 1/8 ya Marekani lakini ni 7 ya Uingereza. Kila hatua ya 1/8 ni kama sentimita 1. Anayeagiza kofia ya London kwa saizi ya Marekani anapata kubwa kwa hatua moja. Hata hivyo karatasi ya saizi inaeleza kofia ilivyotoka kiwandani, na ngozi imesinyaa miaka sitini. Pima ndani, pale mkanda unapogusa paji la uso. Kofia iliyoandikwa 58 kukutwa na 57 si ajabu.

Kupanuliwa inavumilia hatua moja, yaani sentimita 1, na hiyo ni kama ngozi bado hai. Ukilazimisha zaidi, mkanda unapasuka kwenye mshono wa nyuma au kuba inavimba juu ya utepe kama mkate uliozidi hamira. Kupunguza ni rahisi: kata vipande viwili vya sponji nyembamba, milimita 3 kwa unene na sentimita 13 kwa urefu, uviingize nyuma ya mkanda kulia na kushoto. Usizungushe duara zima, maana vichwa vingi ni virefu kutoka paji hadi kisogo kuliko upana, na nafasi inayobaki huwa pembeni.

Kusafisha kunaanza kikavu. Brashi ya nywele za farasi, mwendo wa kinyume cha saa ukiitazama kofia kutoka juu, ukipita mkono mwepesi mara nyingi. Malaika ya felti, yaani vinyweleo vyake laini, yamelazwa upande huo. Ukienda kinyume unayasimamisha na rangi inaonekana ya mabaka. Uwe na brashi mbili, moja ya kofia nyeusi na moja ya kofia za rangi nyepesi, la sivyo utahamisha masizi kutoka moja hadi nyingine. Doa la mafuta chini ya utepe limwagie wanga wa mahindi, ule wa kuupa mchuzi uzito, uache usiku kucha na uupige brashi asubuhi. Rudia mara tatu kabla hujakata tamaa. Pale palipong'aa kwa kushikwashikwa, msasa laini wa namba 400 au 600 unaondoa ngozi ya juu iliyokufa: duara ndogo, bila kukandamiza, na ukome mara felti inapopata sura yake ya awali isiyong'aa. Ukipita hapo unatoboa.

Tarehe 1 Desemba 1941 viwanda vya felti vya Marekani viliacha kutumia zebaki, ambayo ni sumu, katika kuandaa manyoya. Kofia nyingi za ukingo bahili ni za baada ya hapo, lakini ukiwa na ya zamani zaidi usiisugue msasa wala kuipiga mvuke ndani ya chumba kilichofungwa.

Mvuke ndio kazi yenyewe. Chemsha birika hadi mdomo wake utoe mvuke wa nguvu. Geuza mkanda wa jasho nje kabisa, uning'inie chini kama ulimi, kwa sababu ngozi kuukuu ikilowa na kupata joto husinyaa papo hapo na hairudi. Shika kofia sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mdomo wa birika, ukiizungusha, sekunde 10 hadi 15 kila sehemu. Felti ikishaiva utaihisi: inalegea mkononi kama kitambaa cha moto. Sukuma sehemu zilizobonyea kutoka ndani kwa ngumi iliyolegea, kuba irudi duara. Bonde la katikati lifanye kwa ubavu wa kiganja, kutoka nyuma kwenda mbele, kisha mabonyeo ya mbele kwa vidole vitatu vilivyonyooshwa kila upande. Ncha za vidole zisitumike. Zinaacha alama ndogo ndogo za mviringo zinazoonekana jua likipiga kwa pembeni. Ukishapata umbo, usiliguse. Felti inakumbuka umbo ililopolea nalo, na anayelirekebisha bado lina moto anaanza upya. Na wakati wa mvuke ukiona matone ya maji kwenye felti, umesogea mno karibu na birika. Acha ikauke kabisa kabla ya kuendelea.

Ukingo unahitaji pasi. Laza sehemu yake kwenye ukingo wa meza, weka kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, bonyeza pasi ya joto la kati kwa sekunde 5, inua, sogea. Usiburute, kwa sababu ukiburuta felti inanyooka na ukingo unakuwa na mawimbi kama sambusa. Kwenye ukingo wa sentimita 8 mawimbi hayo yangezamishwa ndani ya mkunjo. Kwenye wa sentimita 4 hakuna pa kuyapeleka.

Kubadilisha mkanda wa jasho ni kazi ya saa mbili au tatu kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba uliopakwa nta. Fundi viatu ana ngozi nzuri, lakini msumari na uzi wake vinatoboa matundu makubwa mno. Mnunulie ngozi, ushone mwenyewe. Anzia nyuma katikati, pita kwenye matundu yaleyale ya zamani kila panapowezekana, na hakikisha kila mshono wa nje unatokeza chini ya utepe. Uzi ukivutwa sana kuba inajikusanya kama mdomo wa mfuko. Ngozi ambayo bado inapinda haihitaji mkanda mpya. Ipake losheni ya ngozi isiyo na mafuta mazito, safu nyembamba tatu, kila moja ikisubiri saa 24. Mafuta ya mgando au ya nazi yatapenya hadi kwenye felti na kutoa pete nyeusi inayozunguka utepe, na pete hiyo haitoki.

Adui wa kudumu ni nondo, au tuseme watoto wake, maana nondo mwenyewe hali kitu. Viwavi wanapenda manyoya yaliyoingia jasho, kwa hiyo wanaanza chini ya utepe na nyuma ya mkanda, mahali usipotazama. Kila kofia ya mitumba ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, hewa itolewe, ikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, iache saa 24 kabla ya kuufungua mfuko, la sivyo unyevu wa hewa ya Tanga au Mombasa utageuka maji juu ya felti baridi na utakuwa umebadilisha nondo kwa ukungu. Tundu dogo linazibika: kwangua malaika ya felti kutoka nyuma ya mkanda wa jasho, yachanganye na tone la gundi nyeupe ya maji, yasukumie tunduni kutoka ndani, yakikauka pitisha msasa. Kipenyo kikizidi milimita 3 kiraka kitaonekana, na ukingo mwembamba hauna sehemu nyingine ya kuhamishia macho.

Kwa joto la Pwani, ukweli ni kwamba felti ni ya jioni. Mchana vaa majani. Panama halisi inasukwa Ekwado kutoka katikati ya kuba kwenda nje, bila mshono. Nyingi nyingine za zamani zimetengenezwa kwa namna ambayo msusi wa mikeka ataitambua mara moja: ni ukili. Msuko mwembamba unazungushwa kuanzia kileleni na kushonwa tabaka juu ya tabaka. Kofia hizo hufumuka pale uzi ulipooza, na mtu anayeunga ukili wa mkeka anaweza kuziunga vizuri kuliko fundi nguo yeyote. Zinavunjika kwenye mabonyeo ya mbele, kwa sababu watu huzishika hapo. Shika kofia yoyote kwa ukingo, mbele na nyuma, kwa mikono miwili.

Kuvaa kuna vipimo vyake. Kati ya mkanda na nyusi pawe na nafasi ya kidole kimoja hadi viwili. Ikipanda zaidi inaonekana kofia ya mtoto iliyookotwa. Iinamishe kidogo upande wa kulia, kwa sababu fundo la utepe na unyoya viko kushoto na vinatakiwa kuonekana. Simama mbele ya kioo: ukingo usipofika upana wa mifupa ya mashavu, kofia hiyo ni ya mtu mwingine, hata kama saizi inakutosha. Mwenye uso mpana achague sentimita 4.5 au 5 na kuba isiyochongoka sana. Koti liwe na kola ya sentimita 5 hadi 6.5 na tai ya upana huohuo. Kofia ya 1963 juu ya koti la mabega mapana inamfanya mtu aonekane kichwa kidogo. Kanisani inavuliwa. Msikitini baraghashia inabaki palepale, lakini yenye ukingo inazuia paji la uso wakati wa kusujudu, kwa hiyo iache na viatu.

Nyumbani ilaze kichwa chini, ukingo juu, mahali pasipo jua. Ikilazwa kwa ukingo, ule mkunjo wa nyuma unafunguka polepole, na kwa trilbi hilo ndilo umbo zima. Mvua ikikukuta, kung'uta maji mara moja, usifute. Ukifika, geuza mkanda wa jasho nje na uisimamishe kofia juu ya mkanda huo, ukingo ukiwa hewani. Iache siku nzima mbali na jiko na jua. Felti itakauka na umbo lake, na ngozi, kwa kuwa imebeba uzito, haitapata nafasi ya kujikunja.